Deni la chuo Tenke ni la nyumba nzima

Mzazi wa Tenke, mji wa migodi wa Kongo, akiuliza kama chuo kikuu kina faida, wengi humtajia mshahara wa injinia wa mgodini. Mimi naanzia kwenye deni: nani atalibeba, na litaanza kudai lini?

Tanzania wana Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwaka 2021 serikali iliondoa hata ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Wapo wanaolalamika, lakini deni hilo kwa sehemu kubwa husubiri ajira.

La Tenke halisubiri. Minervali, yaani ada ya chuo, inatoka kwenye zamu ya mama ya likelemba (mchango wa kupokezana), au kwenye kiwanja kilichouzwa, au kwa wakopeshaji wa mtaani tunaowaita Banki Lambert. Tuseme baba amechukua dola 500 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Hiyo ni dola 150 kila mwezi, riba tupu. Baada ya miezi 4 ametoa dola 600, na zile 500 bado anadaiwa zote. Mtoto pengine hajaingia hata kwenye mtihani wa kwanza. Kwa mkopo wa namna hii sishauri kusomesha, hata kama kitivo ni cha politekniki. Heri kijana asubiri mwaka mmoja, familia ikusanye.

Tena minervali ni mwanzo tu. Chuo kiko Kolwezi au Lubumbashi, kwa hiyo kuna chumba cha kupanga, chakula, nauli, silabi za kununua, na kazi ya kumalizia masomo. Anayekwama mwaka wa pili amelipa yote hayo bila kupata diploma. Ndiyo maana hesabu ifanywe hadi mwaka wa mwisho. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, umesaidia kidogo: lisansi sasa ni miaka 3, zamani ilikuwa 5.

Kuna wanaosema kijana aende tu kuchimba kobalti, apate feza leo. Naelewa njaa inayosema hivyo. Lakini mwaka 2018 kobalti ilikaribia dola 95,000 kwa tani, na mwaka uliofuata ikashuka chini ya nusu; mwishoni mwa 2019 mgodi mkubwa wa Mutanda ukasimamishwa. Februari 2025 serikali ya Kongo yenyewe ilizuia kobalti kusafirishwa nje. Anayeuza magunia ya madini ndiye anayeumia mapema kuliko wote.

Kwa hiyo mimi napendelea fani inayoajirika hata mgodi ukisimama: umeme, ufundi wa mashine, uuguzi, maabara. Nyingine zinafundishwa kwa muda mfupi, kama zile za INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, na kijana anaweza kufanya kazi kwanza kisha akajilipia lisansi. Kabla kiwanja hakijauzwa, mzazi awatafute vijana waliomaliza idara ileile hivi karibuni. Awaulize kama mkataba wao ni na mgodi wenyewe au na kampuni ya sutiretansi (ya kandarasi chini ya mgodi), unaisha lini, na walikaa miezi mingapi nyumbani kabla ya kuupata.