Uvungu wa nyumba ya mbao: uzibe kwa mawe, mabati au mbao?

RUBAVU, Rwanda - Kwa mtu wa Goma, nyumba ya mbao inayong'olewa ubao kwa ubao, ikapakiwa kwenye lori na kusimamishwa upya mtaa mwingine si habari ya kushangaza. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kupita katikati ya mji, nyumba za mbao na mabati ndizo zilizorudisha watu wengi kwenye viwanja vyao kwa haraka. Mwenye kiwanja cha kukodi huipenda hata leo, kwa sababu akiambiwa ahame huhama na nyumba yake.

Biashara ya nyumba za namna hii, na ya vibanda vya duka vinavyojengwa kwa mtindo huo huo, haikujali sana mpaka. Mbao, mabati, misumari na saruji hupita Gisenyi kwenda na kurudi. Lakini kuna sehemu moja ya nyumba hizo ambayo mnunuzi huisahau hadi mvua za kwanza zinyeshe. Ni ule uwazi unaobaki kati ya sakafu ya mbao na ardhi, yaani uvungu. Katika makala haya tunaeleza uzibwe kwa kitu gani, hasa kwa msomaji wa Mudende na sekta jirani za Bugeshi na Busasamana, ambako baridi si ya mchezo.

Mudende iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, juu kabisa kuliko Ziwa Kivu lililo kwenye mita 1,460 hivi. Usiku upepo unaoshuka kutoka milimani hupita chini ya sakafu na kupenya katika nafasi za mbao. Mtoto anayelala kwenye mkeka ndiye wa kwanza kuusikia. Mvua nayo huchimba udongo chini ya nguzo, panya huhamia, kuku hutaga humo, na mwizi mwembamba hupata pa kujificha. Basi kuziba ni lazima. Swali ni kwa nini, na kwa kiasi gani.

Kwanza tuondoe kosa moja linalogharimu watu. Kizibo cha uvungu si msingi. Nyumba hubebwa na nguzo zake au na vichuguu vya mawe vilivyopangwa chini ya boriti. Kizibo kinavaliwa tu, kama sketi. Na kweli Wamarekani hukiita hivyo hivyo, sketi. Huko kwao nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa kiwanjani kwa lori zina sheria yake ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 1976, na Wakongomani na Wanyarwanda wengi waliohamia huko wanazifahamu. Wao hutumia sana karatasi ngumu za plastiki. Nusu ya ushauri wao unahusu udongo unaoganda kwa barafu na kusukuma kizibo juu. Jambo hilo Mudende halipo, kwa hiyo ndugu aliyeko ng'ambo akikutumia maelekezo, soma kwa kuchagua.

Mawe meusi

Kwa Mudende jiwe la volkano ndilo la kwanza kufikiriwa, na ni haki yake. Limejaa mashambani. Wakulima wa viazi hulitoa kila msimu na kulipanga pembeni kama ua. Ni jepesi kuliko mawe mengi kwa sababu lina matundu, panya hawezi kulitafuna, halishiki moto wala halishiki kutu.

Kuna njia mbili za kulitumia. Ya kwanza ni kupanga bila saruji, mawe makubwa chini na madogo juu, ukuta ukiegemea kidogo ndani kuelekea nyumba. Njia hii huacha hewa ipite yenyewe, na ukihama unaweza kuubomoa ukuta kwa mikono. Udhaifu wake ni kwamba panya na nyoka nao hupita, na tetemeko likipiga mawe huporomoka. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tena tarehe 22, mitetemeko ilipasua nyumba nyingi Gisenyi na Goma. Nyumba ya mbao hucheza na kurudi mahali pake, lakini ukuta wa mawe hauchezi. Kwa sababu hiyo usiupandishe ukavuka magoti, na acha nafasi ya vidole viwili kati ya jiwe la juu na ubao wa chini. Ukuta usiguse nyumba kabisa. Ile nafasi ifunike kwa ubao mwembamba uliopigiliwa kwenye nyumba tu, si kwenye mawe.

Njia ya pili ni kujenga kwa saruji. Inapendeza, inazuia panya, na hapa kwetu saruji haitoki mbali: kuna ya Cimerwa kutoka Bugarama, Rusizi, na tangu mwaka 2020 kuna Prime Cement ya Musanze. Ila fikiria mara mbili kama kiwanja si chako. Saruji haihami. Mwenye kiwanja atabaki na ukuta mzuri uliolipia wewe. Na ukijenga kwa saruji bila kuacha matundu, umetengeneza kisanduku cha unyevu chini ya sakafu, na mbao zitaoza kuanzia chini bila wewe kuona.

Jambo jingine: jiwe la shambani kwako ni lako kulitumia, lakini kuchimba na kuuza mawe kwa lori ni biashara ya machimbo inayotaka kibali. Mnunuzi aliyeshikwa na lori lisilo na karatasi hana wa kumlilia.

Mabati

Bati ni la haraka. Mtu hununua asubuhi, jioni uvungu umezibwa. Kumbuka tu kwamba kwenye geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni jepesi kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko zote hizo. Kwa kizibo kinachopigwa mateke na watoto na kugongwa na majembe, geji 32 ni kutupa fedha.

Adui wa bati ni udongo mbichi. Ukilifukia chini hata sentimita kumi, litaanza kuliwa pale pale kwenye mstari wa ardhi. Liketishe juu ya safu moja ya mawe, na mahali lilipokatwa pakwe rangi. Kuna pia suala la moshi wa volkano. Gesi ya salfa ya Nyiragongo na Nyamulagira ikikutana na mvua hutoa tindikali, na upepo huipeleka zaidi upande wa magharibi, kuelekea Sake na Masisi. Mwenye nyumba wa huko anajua bati lake linaishi miaka mingapi. Mudende kwa kawaida iko upande mwingine wa upepo, hivyo hapa bati hudumu zaidi.

Mbao

Ubao unalingana na nyumba na fundi anao tayari. Hapa tofauti ya miti ndiyo kila kitu. Mkaratusi ni mgumu lakini ukipigiliwa mbichi hujikunja na kupasuka, ukaacha mianya ya kupitisha paka. Msonobari ni mnyoofu na rahisi kupigilia, lakini bila dawa huoza upesi ukigusana na ardhi. Mafundi wengi hupaka oili chafu ya gari. Inasaidia kiasi, ila inanuka, huchuruzika kwenye maji ya mvua na hufanya ubao upende moto. Kama unapika kwa mkaa karibu na ukuta, usiipake. Njia iliyo salama zaidi ni kuuweka ubao mkavu, sentimita 10 au zaidi juu ya ardhi, na chini yake safu ya mawe. Hapo ubao ukioza unabadilisha mmoja, si wote.

Vitu viwili havifai kabisa. Cha kwanza ni shitingi. Ni rahisi na kila soko linayo, lakini jua huichana, na inashika maji ya unyevu ndani. Itumike kwa wiki chache tu wakati unatafuta kitu kingine. Cha pili ni vipande vya yale mabati ya zamani ya simenti yenye asbesto, ambayo watu huyajua kwa jina la fibro. Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwenye mapaa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu vumbi lake huingia kwenye mapafu na kuleta ugonjwa, ikiwemo saratani, baada ya miaka mingi. Ukiona mtu anayauza kwa bei ya kutupa, yakiwa yamekatwa tayari kwa kuzibia uvungu, mwache nayo. Kuyakata kwa msumeno ndiko kubaya kuliko kuishi chini yake.

Hewa, na habari ya mazuku

Hapa tunaomba msomaji atulie. Kandokando ya kaskazini ya Ziwa Kivu, zaidi magharibi ya Goma, kuna mabonde na mashimo ambayo hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka ardhini. Wenyeji huiita mazuku. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa kiasi cha mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini kama maji. Mbuzi huanguka kabla ya mtu kwa kuwa pua zake ziko chini. Gesi hiyo ikizidi asilimia 10 ya hewa, mtu anaweza kuzimia katika dakika chache, na wamekufa watu kwa njia hiyo.

Sasa fikiria uvungu uliozibwa vizuri, bila tundu, juu ya ardhi inayotoa gesi. Umetengeneza birika, na sakafu ya mbao yenye nyufa ndiyo mfuniko wake. Juu yake wamelala watoto. Kama unapeleka nyumba upande wa Goma, uliza majirani kwanza kama wanyama hufa bila sababu mahali hapo. Jibu likiwa ndiyo, suala si kuchagua mawe au bati. Usijenge hapo. Matundu ya hewa hayatoshi kulishinda mazuku.

Mahali ambapo hatari hiyo haipo, matundu bado yanahitajika kwa ajili ya unyevu. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wa Marekani ni eneo la matundu liwe sehemu moja kwa kila sehemu 150 za sakafu. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina sakafu ya mita za mraba 48. Gawa kwa 150, unapata 0.32. Tundu la sentimita 20 kwa 20 ni 0.04, basi unahitaji matundu manane, mawili kila upande, karibu na pembe. Yazibe kwa waya wenye macho madogo ili panya asipite. Na acha mlango mdogo wa kuingilia kukagua nguzo. Wengine huweka kuni humo, sawa, lakini zisiegemee matundu.

Hesabu ya sokoni

Tuendelee na nyumba hiyo hiyo. Mzunguko wake ni mita 28. Tuseme uvungu ni sentimita 60.

Ukijenga kwa mawe yenye unene wa sentimita 30 unahitaji kama mita 5 za ujazo, yaani tani 7 au zaidi. Ukitumia saruji, weka mifuko kama 10 ya kilo 50. Kwa mbao za mita 4 zenye upana wa sentimita 30 ni mbao 14, na zenye upana wa 20 ni 21.

Bati lina ujanja wake. Wengi hulilaza kwa urefu. Bati la mita 3, ukitoa mahali pa kupandishana, linafunika chini kidogo ya mita 3, hivyo yanakwenda mabati 10 na ukanda wa juu unakatwa na kutupwa. Likate badala yake vipande vitano vya sentimita 60 na uvisimamishe. Kila kipande kinafunika kama sentimita 75, bati zima linafunika mita 3.75, na mabati 8 yanatosha. Tena mikunjo ikisimama maji hushuka yenyewe, na bati linakuwa gumu zaidi. Waambie mafundi mapema, maana wao hupenda kulilaza ili wamalize haraka.

Kwa anayevusha

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuwa mwanachama hakujafuta karatasi mpakani. Mbao zinataka cheti cha afya ya mimea pamoja na karatasi ya kuonyesha zilikatwa kwa kibali. Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, cheti rahisi cha asili hutolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kwa nchi zinazotumia utaratibu huo. Bati lililotoka nje ya Jumuiya na kupakwa rangi tu njiani halihesabiwi kuwa la hapa, hata muuzaji aape vipi. Omba risiti yenye jina la kiwanda.

Na nyumba iliyokwisha kubomolewa ikiwa kwenye lori, forodha inaweza kuiona kama mbao zilizotumika na mabati yaliyotumika, si nyumba. Hesabu mbao zako na kuziandika kabla ya kufika kizuizini, kila aina kwa idadi yake. Kizibo cha uvungu kiandike peke yake. Ndicho hupakiwa mwisho, juu ya mzigo, na ndicho hupungua njiani.