Chumvi ya Uvinza Ilitangulia Misafara

Imekuwa desturi kuianza historia ya Ujiji mwaka 1858, walipofika Burton na Speke, kana kwamba ziwa lilikuwa likiwangojea. Wataalamu waliochimba kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza katika miaka ya 1960 walikuta dalili kuwa maji yake yalichemshwa pale tangu yapata miaka 1,500 iliyopita. Chumvi hiyo ilichukuliwa mbali, na watawala wa Uvinza wakaitoza ushuru, kama walivyowatoza wasafiri kwenye kivuko cha Malagarasi. Njia, basi, zilikuwapo. Watu wa pwani walizikuta.

Ndugu zetu wa Visiwani yafaa walizingatie jambo hili, kwani merikani iliyofumwa Marekani na shanga za Venice zilipita mikononi mwa wazee wao Unguja kabla ya kufika huku, ambako ushanga ulipewa kazi mpya. Mwaka 1874 Cameron aliona katika soko la Ujiji watu wenye mifuko ya shanga ziitwazo sofi. Asubuhi waliwabadilishia wanunuzi. Soko lilipovunjika walizipokea tena kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Hiyo, kwa hakika, ni benki.

Mwinyi Kheri, mfanyabiashara kutoka pwani, alioa katika nyumba ya mtawala wa Wajiji, akawa mkubwa wa mji. Fedha peke yake isingempa cheo hicho bila ukwe. Lakini tusipambe. Biashara hiyohiyo ilivusha pembe na watumwa kutoka Manyema, na wengi waliovushwa walibaki Ujiji, wakasilimu, wakajiita waungwana. Wajukuu wao ni wenyeji wa mji leo. Kiswahili chao hakijapata nguvu hiyo milimani Kalinzi, penye mashamba ya kahawa, ambako nyumbani husemwa Kiha.

Mgeni afikaye Ujiji huonyeshwa mnara wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Ni haki aonyeshwe. Hata hivyo, maofisa wanaohusika na mambo ya kale na elimu wangefanya vema kuwateremsha kwanza wanafunzi, wa Kalinzi na wa Unguja, katika stesheni ya Uvinza, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakaionje chumvi yenyewe kabla ya kuupanda mnara.