Bastola ya Kiunoni: Yanayorekebishwa na Yasiyoguswa

Baadhi ya wakaazi hufika katika ofisi za kaunti kuuliza fomu ya leseni ya bastola. Serikali ya kaunti haitoi leseni hiyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliacha usalama wa taifa na huduma za polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Maombi huamuliwa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Hata hivyo, suala hili linatuhusu sote. Mwenye bastola hupanda matatu, huenda sokoni, huingia kanisani au msikitini na hurudi nyumbani kwa watoto wake. Namna anavyoiandaa na kuibeba inaweza kuokoa maisha au kuyakatiza.

Cheti kinaruhusu nini?

Cheti hutolewa kwa mtu aliyeonyesha sababu nzuri ya kumiliki silaha. Mlevi, mtu asiye na akili timamu au asiyefaa kwa sababu nyingine hastahili kukipata. Cheti hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kuwa nacho, na sharti kihuishwe kila mwaka. Ni cha mtu mmoja. Huwezi kumwazima bastola mkeo, mumeo, dereva wako wala mlinzi wa lango, hata kwa usiku mmoja.

Kwa nini ifichwe?

Bastola inayoonekana humvutia mwizi, huwatia watu hofu na hugeuza ugomvi mdogo kuwa msiba. Kuinua shati ili wenzako waone kilicho kiunoni si kujilinda. Ni kutisha watu, na kunaweza kukupotezea cheti na kukufikisha kortini.

Anza na mfuko, si bastola

Wamiliki wengi wapya hutaka kwanza kubadilisha bastola. Kinachostahili pesa zako za kwanza ni mfuko wa kuibebea. Chagua mfuko mgumu, uliotengenezwa kwa aina hiyo hasa ya bastola, unaofunika kifyatulio chote na kuishika silaha hata ukikimbia au ukianguka. Uvae kwa mshipi imara usiolegea. Shati au koti liwe pana kiasi cha kufunika bila kunasa.

Bastola za Glock, kwa mfano, hazina kitufe cha usalama cha nje kwenye muundo wake wa kawaida. Usalama wake uko ndani, na sehemu yake moja iko kwenye kifyatulio chenyewe. Kidole, ufunguo au ncha ya shati ikikivuta, risasi hutoka. Ndiyo sababu bastola haifai kuachwa wazi mfukoni mwa suruali, ndani ya mkoba pamoja na simu na funguo, au chini ya kiti cha gari. Unapoirudisha kwenye mfuko wake, fanya polepole, ukitazama, kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Yasiyoguswa

Usilegeze springi ya kifyatulio. Glock ya kawaida hutoka kiwandani ikihitaji mvuto wa takriban kilo 2.5. Uzito huo ni kinga: unampa mwenye bastola nafasi ya kusita na unapunguza hatari ya kufyatua kwa bahati mbaya. Usiondoe wala kuzima sehemu yoyote ya usalama. Usikwangue nambari ya silaha, kwa maana ndiyo inayoiunganisha na cheti chako. Kizuia sauti nacho si pambo: sheria hukihesabu kuwa silaha.

Ikiwa vituo vya kulengea vimelegea au mpini haukukai mkononi, mpelekee fundi wa silaha aliyeidhinishwa. Fundi wa jua kali, hata awe hodari vipi, hana ruhusa ya kushika silaha yako. Baada ya marekebisho yoyote, ijaribu katika uwanja wa shabaha uliokubaliwa kabla ya kuivaa tena.

Nyumbani na safarini

Ukifika nyumbani, toa magazini, hakikisha chemba haina risasi, kisha ufungie bastola kwenye sefu iliyokazwa ukutani au sakafuni. Juu ya kabati au chini ya mto si mahali pa silaha. Watoto hujua mahali pa kila kitu nyumbani kuliko tunavyodhani.

Ukiwa njiani kuingia benki, korti au jengo lenye ukaguzi, mweleze mlinzi kwa sauti ya chini kwamba una silaha na umuonyeshe cheti. Usiichomoe. Ukijua utakunywa pombe, iache nyumbani ikiwa imefungiwa.

Ikipotea au mwenyewe akifariki

Bastola ikipotea au kuibwa, ripoti mara moja katika kituo cha polisi kilicho karibu na upewe nambari ya OB. Kuchelewa kunampa mhalifu muda wa kuitumia.

Mwenye cheti akifariki, bastola hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Anayeiweka bila cheti chake mwenyewe anavunja sheria, hata akiwa mjane au mwana. Familia isiiguse zaidi ya inavyohitajika. Imjulishe mkuu wa kituo cha polisi ili maafisa waje kuichukua.

Mkaazi anayemwona mtu akitisha wengine kwa silaha apige simu 999 au 112. Usimkabili mwenyewe.

Kwa mwenye cheti, kipimo ni rahisi: siku ikiisha bila yeyote sokoni kujua kwamba ulikuwa na bastola, umeibeba ipasavyo.