Besi Mpya, Kipokezi cha Zamani: Trekta Langu Lilipokuwa Kiziwi

Mwaka juzi mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikinukia upande wa Kitengela, nilikaa juu ya trekta nikitazama skrini iliyoganda. Mzee mwenye shamba alisimama pembeni ameegemea fimbo. "Kijana wa pwani, mashine yako imelala?" Sikuwa na jibu la kumpa. Udongo wa kule ni ule mweusi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo ukilowa. Mvua ikikutangulia, trekta haliingii. Nami nilikuwa nimemuahidi kumpandia ekari 60 za nyasi za kukausha.

Mimi ni mtoto wa Malindi, makazi yangu ni Ngong, na kazi yangu ni kulimia watu kwa malipo, Isinya, Kitengela na kwingineko Kajiado. Naandika kwa sababu ndugu zangu wenye mashamba Kilifi na Tana River wameanza kuniuliza bei za vifaa vya kuongoza trekta. Bei ni swali zuri, lakini lisiwe la kwanza.

Kipokezi kilicho juu ya paa la trekta husikiliza setilaiti na kujua kilipo. Peke yake hukosea mita kadhaa, kwa kuwa, pamoja na sababu nyingine, mawimbi huchelewa yakipita angani. Dawa ni kuweka kipokezi cha pili mahali pasiposogea, panapojulikana barabara. Hicho ndicho besi. Besi hulinganisha inachosikia na pale inapojua ipo, kisha hutuma masahihisho kwa redio au intaneti, na trekta hufuata mstari wake kwa kosa la sentimita mbili tatu. Lakini besi iwe karibu, kilomita kumi au ishirini hivi. Kwetu Malindi kuna kituo kisichosogea namna hiyo, MAL2, kilichomo katika mtandao wa kimataifa wa IGS. Najivunia, ila kwa trekta lililoko Kitengela, kilomita 400 hivi kutoka pale, hakinisaidii kitu.

Basi nikanunua besi yangu, mpya, ya bei nafuu. Kipokezi ni cha 2007, nilikipata mtumba kwa mkulima aliyekuwa akifunga kazi. Muuzaji wa besi aliniapia kwamba vitasikilizana, kwa kuwa vyote viwili vinatumia RTCM. Hakudanganya, na hapo ndipo niliponaswa.

RTCM ni kanuni ya kuandika masahihisho, na jina limetokana na tume ya redio za vyombo vya baharini iliyoundwa Marekani mwaka 1947. (Kumbe hata trekta la bara lina deni kwa mabaharia.) Katika toleo la 3 la kanuni hiyo kila ujumbe una namba yake. Vipokezi vya zamani vilifundishwa ujumbe 1004 kwa setilaiti za GPS, baadhi na 1012 kwa GLONASS za Urusi, pamoja na 1005 au 1006 unaotaja besi ipo wapi. Mwaka 2013 ikaongezwa familia mpya, MSM, yenye namba kama 1074 na 1077, iliyoweza kubeba pia Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Besi nyingi za bei nafuu za siku hizi hutoa MSM peke yake. Kipokezi cha 2007 kikiletewa 1077 hakilalamiki, kinauruka tu. Ndiyo maana taa ya redio ilimeta vizuri huku skrini imenuna.

Siku tatu nilizipoteza nikibadilisha nyaya na antena. Nilifikia hata kulaumu Milima ya Ngong kwamba imeziba redio. Mpima ardhi mmoja ndiye aliyefungua orodha ya ujumbe kwenye kompyuta, akacheka. "Kaka, hawa hawajagombana. Hawaelewani lugha tu." Akaweka kompyuta kati ya besi na redio, na programu ya bure iitwayo RTKLIB ikawa mkalimani: inapokea 1077, inatoa 1004. Dakika chache baadaye skrini ikafunguka.

Si tiba ya kila mgonjwa. Besi kama yangu hupima masafa ya pili ya GPS kwa ishara ya L2C, ambayo setilaiti zilizorushwa kabla ya 2005 hazina, kwa hiyo kwa hizo nilipata masahihisho nusu. Na viko vipokezi vikongwe zaidi vinavyojua RTCM ya toleo la 2 pekee, au lugha ya kampuni iliyovitengeneza. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji akuandikie namba za ujumbe ambazo besi inatoa, kisha uzilinganishe na kitabu cha kipokezi chako. Akisema "RTCM" tu, ondoka.

Yule mpima aliniokoa na jambo jingine. Mahali pa besi nilikuwa nimepanakili kutoka karatasi ya upimaji wa zamani, na vipimo vingi vya zamani vya Kenya vimeandikwa kwa mfumo wa Arc 1960. Mfumo huo na ule wa setilaiti vinapishana takriban mita 300. Kipokezi kingekataa, au kingekubali nikaenda kumlimia jirani.

Tulipanda ekari 41. Zile 19 zilinyeshewa kabla hatujazifikia, na mzee bado ananidai.