Safari ya Maporomokoni Huanzia Ubaoni

Kila mwaka, msimu wa ziara za shule unapowadia, watoto wetu huja nyumbani na barua. Mzazi huombwa pesa za basi, za chakula na za malazi ili mwanawe akaione bahari kule Mombasa. Sina ugomvi na bahari. Ninalouliza ni hili: je, mtoto wa Muthara anayesafirishwa mamia ya kilomita kuyaona maji ya chumvi, amewahi kuyaona yale matamu yanayoteremka kutoka vilima vya Nyambene?

Nimewauliza vijana wengi swali hili. Aghalabu hunijibu kwamba maji hutoka mferejini au kwenye tangi. Ni wachache wanaojua kuwa mito kadhaa inayozaliwa Nyambene hupita katika Mbuga ya Wanyama ya Meru, ikaingia Mto Tana, na hatimaye ikamwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Hiyo bahari wanayoifuata kwa basi hunywa maji ya kwetu!

Ndiyo maana ninapendekeza kwamba kila shule ya hapa iwapeleke wanafunzi wake, walau mara moja kwa mwaka, kwa miguu na kwa nusu siku tu, hadi kwenye maporomoko madogo ya msituni. Safari kama hiyo haidai basi wala malazi. Lakini inadai mpango, na hapo ndipo penye mzozo.

Walimu wenzangu wamegawanyika katika makundi mawili. Wa kwanza husema msitu una hatari, kwa hiyo watoto wabaki darasani. Wa pili husema safari ni fupi, kwa hiyo haina haja ya maandalizi. Makundi yote mawili yamekosea, ingawa kosa la pili ndilo linaloua. Mnamo Aprili 2012, vijana saba waliokuwa wametembea na kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mnamo Septemba 2019, watu wengine saba walipoteza maisha katika korongo lilo hilo kwa njia iyo hiyo. Waliokwenda huko hawakwenda vitani, walikwenda matembezini.

Basi na tuanzie ubaoni. Mwalimu wa hisabati awape wanafunzi kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, aliyoitoa mwaka 1892: kwa makadirio, saa moja kwa kila kilomita 5, na nusu saa zaidi kwa kila mita 300 za kupanda. Njia ya kilomita 4 yenye mpando wa mita 300 itahitaji dakika 48 na dakika 30, yaani dakika 78. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mkakamavu. Kwa watoto arubaini, izidishwe mara mbili. Wakiondoka saa moja asubuhi, watafika yapata saa tatu na dakika arubaini. Wakikaa saa moja, watarudi shuleni kabla ya saa saba na nusu. Na iwekwe saa ya kugeuka: ikifika saa nne na nusu hawajafika, warudi, hata kama mlio wa maji unasikika ng'ambo ya miti. Hapana aibu katika kurudi.

Mwalimu wa jiografia achague msimu. Mvua zetu hunyesha Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Disemba. Februari au Agosti ni miezi bora zaidi. Hata hivyo, awaeleze wanafunzi kwamba mvua inaweza kunyesha mlimani ilhali wao wamesimama juani. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuwa ya udongo, yakianza kuleta majani na vijiti, au ngurumo yake ikizidi, wote wapande mahali pa juu upesi, wala wasikimbie kuufuata mto. Mtu asivuke maji yaendayo kasi yaliyofika magotini, asiogelee chini ya maporomoko, asikanyage mawe mabichi yenye utelezi.

Mwalimu mkuu naye abishe hodi. Msitu wa serikali una wenyewe: ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu iombwe ruhusa, chifu aarifiwe, na wazazi watie sahihi. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua pia vyama vya jamii vinavyoshiriki kuitunza misitu. Miongoni mwa wanachama wake hupatikana mtu anayeijua njia kuliko ramani yoyote. Mwalimu mmoja aende siku chache kabla, aikague njia. Siku ya safari, mmoja atangulie na mwingine awe wa mwisho kabisa, na watoto wahesabiwe wakiondoka, wakifika, na wakirudi. Kila mmoja abebe maji, viazi vitamu au nduma, na sweta. Takataka zirudi nyumbani mfukoni.

Huenda ukauliza, msomaji, faida ya taabu yote hii ni nini. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Hapa ametenda: amekadiria muda, ameomba ruhusa, ameiheshimu mvua. Kisha, akisimama mbele ya maji yale, ataona mwenyewe jinsi kivuli cha miti na majani yaliyooza yanavyoifanya ardhi inyonye mvua na kuitoa kidogo kidogo, hata mto ukaendelea kutiririka wakati wa kiangazi.

Watoto hawa ndio watakaoamua kesho kama miti ya Nyambene itakatwa au itaachwa isimame. Mtu hakilindi asichokijua. Walimu wa Muthara, muhula ni mrefu na chaki mnayo: chagueni tarehe, mwandike ubaoni.