Si Kila Uchovu ni Malaria: Fahamu Tezi na Homoni za Mwili Wako

Mtoto aliyekuwa mchangamfu anaanza kuchoka bila sababu. Usiku anaamka mara tatu au nne kwenda kukojoa, na kila akirudi anaomba maji. Anakula vizuri, lakini sare ya shule inaanza kumpwaya. Jirani mmoja anasema ni minyoo, mwingine anasema ni malaria, na mzazi ananunua dawa dukani. Wiki ya pili mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ndipo minong'ono ya uchawi huanza.

Mtoto wa namna hii hakurogwa, na huenda hana malaria wala minyoo. Dalili hizi zikikusanyika pamoja zinaonyesha kwamba kongosho lake limeacha kutengeneza homoni moja inayoitwa insulini. Asipofikishwa hospitalini siku hiyo hiyo anaweza kufa. Na kipimo cha kugundua tatizo ni tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka kabla ya dakika moja kuisha.

Makala hii inawaeleza wakazi wa Kitui na Makueni tezi na homoni ni nini, magonjwa yake hujificha vipi, na hatua gani zichukuliwe mapema.

Tezi ni nini, homoni ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno "tezi" hufikiria tezi dume, ile inayowasumbua wanaume wenye umri mkubwa. Hiyo ni moja tu kati ya nyingi. Tezi ni kiungo kinachotengeneza kitu na kukitoa kwa matumizi ya mwili. Tezi za mate, machozi na jasho hutumia mifereji midogo. Tezi tunazozungumzia hapa hazina mifereji. Humwaga homoni moja kwa moja kwenye damu.

Homoni ni mjumbe. Husafiri na damu hadi kwenye kiungo kinachohusika na kukipa maagizo: tumia sukari hii, ongeza joto, kua, harakisha mapigo ya moyo. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, lakini kikizidi au kikipungua mwili mzima huyumba. Tezi kuu ni hizi:

- Pituitari, iliyo chini ya ubongo, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Husimamia tezi nyingine kadhaa na ukuaji wa mtoto.
- Thairoidi, iliyo mbele ya shingo, yenye umbo la kipepeo. Huamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani.
- Kongosho, lililo nyuma ya mfuko wa chakula. Hutengeneza insulini.
- Tezi za juu ya figo. Huusaidia mwili kukabili ugonjwa, hofu na mshtuko.
- Ovari kwa wanawake na korodani kwa wanaume. Husimamia balehe na uzazi.

Magonjwa ya tezi mara nyingi huja polepole na kufanana na mambo ya kawaida: uchovu wa shamba, uzee, mawazo au malaria. Ndiyo maana watu wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Kongosho na ugonjwa wa kisukari

Ukila ugali, muthokoi, viazi au embe, chakula hicho husagwa tumboni na sehemu yake kubwa kuwa sukari inayoingia kwenye damu. Insulini ndiyo hufungua mlango ili sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye misuli na viungo vingine. Insulini ikikosekana, sukari hujaa kwenye damu huku mwili ukibaki na njaa. Figo hujaribu kuitoa sukari hiyo kwa mkojo, na ndiyo sababu mgonjwa hukojoa sana, huona kiu na hukonda.

Kisukari cha aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Kongosho huacha kutengeneza insulini, na mgonjwa lazima adungwe insulini kila siku maisha yake yote. Si kosa la mzazi, na hakitokani na kula peremende. Zamani mtoto wa aina hii alikuwa hana tumaini. Mambo yalibadilika Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipokuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Leo mtoto mwenye kisukari anayepata dawa anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea watoto wake.

Kisukari cha aina ya pili ndicho kinachopatikana zaidi, hasa kwa watu wazima. Insulini ipo, lakini mwili hauitikii vizuri. Uzito mkubwa, hasa kiunoni, kutofanya mazoezi, na kuwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu huongeza hatari. Mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi bila kujua, huku sukari ikiharibu macho, figo, moyo na neva za miguu. Mguu uliokufa ganzi hauhisi mwiba. Kidonda kidogo kilichopatikana shambani huoza kimya kimya, na wapo wanaoishia kukatwa mguu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Hilo ndilo tatizo letu kubwa kuliko hata ugonjwa wenyewe.

Namba za kukumbuka

Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, ukiwa umekaa saa 8 bila chakula, sukari chini ya 6.1 ni ya kawaida. Kuanzia 7.0 kwenda juu ni dalili ya kisukari, na kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Kati ya hapo ni onyo: bado una nafasi ya kubadilisha maisha. Ukipimwa wakati wowote wa siku na ukapata 11.1 au zaidi, huku una kiu kali na unakojoa mara kwa mara, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Wajawazito nao wapimwe, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi amweleze muuguzi tangu siku ya kwanza ya kliniki.

Chakula chetu si adui

Mgonjwa wa kisukari hahitaji chakula cha kununuliwa mbali. Ndengu, kunde, mbaazi na maharagwe hupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe au wali. Jaza nusu ya sahani mboga za majani, robo moja ndengu, maharagwe, samaki au nyama, na robo inayobaki ugali, muthokoi au chapati.

Maembe ya Makueni ni mazuri kwa afya, lakini mgonjwa ale vipande vichache, si maembe matatu kwa mkao mmoja, na aache juisi. Asali ya Kitui nayo ni sukari. Kubadilisha sukari ya chai kwa asali hakumwepushi mgonjwa na hatari. Soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari ndizo za kwanza kuachwa.

Insulini na joto letu

Wazazi wa Mutomo, Kibwezi au Kyuso huuliza: nitahifadhije insulini bila friji? Insulini ambayo haijafunguliwa inafaa kukaa kwenye friji, na wengi huiacha kliniki na kuchukua chupa moja kwa wakati. Kuhusu ile inayotumika kuna habari njema. Mwaka 2021, watafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo yaliyotokana na vipimo vya joto katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, hapa Kenya. Waligundua kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 haikupoteza nguvu yake.

Kwa hiyo, ifunge chupa vizuri kwenye mfuko wa plastiki, uiweke ndani ya chungu kidogo cha udongo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, na katikati ujaze mchanga unaoloweshwa maji kila siku. Weka kivulini penye upepo. Usiiache juani, juu ya bati au kwenye buti la gari, na usiigandishe. Andika tarehe ya kuifungua, na baada ya wiki nne chukua nyingine.

Jambo moja lisisahaulike: mtoto wa aina ya kwanza asiachishwe insulini hata siku moja, awe anaombewa, anakunywa mitishamba au anakataa kula. Akiugua na kushindwa kula, mpeleke hospitalini. Na akianza kutetemeka, kutoa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka mno. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitalini.

Shingo iliyovimba na pakiti ya chumvi

Tezi ya thairoidi inahitaji madini ya iodini. Ikikosa, huvimba ikijitahidi kutengeneza homoni, na huo ndio uvimbe wa shingo unaoitwa goita. Mjamzito asiyepata iodini ya kutosha anaweza kuzaa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya tangu 1978 inalazimisha chumvi ya kupikia itiwe iodini.

Nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Chumvi ya mifugo isipikiwe watu. Iodini haihitaji chumvi nyingi. Kiasi kidogo kinatosha, na chumvi ikizidi hupandisha shinikizo la damu. Mihogo nayo imenywe, ilowekwe na kupikwa vizuri, maana iliyoandaliwa vibaya ina sumu inayozuia tezi kutumia iodini.

Thairoidi ikifanya kazi kidogo, mtu huhisi baridi hata Oktoba, huongezeka uzito, hukauka ngozi, hupata choo kigumu na huchoka. Ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hudunda kwa kasi, mikono hutetemeka, jasho hutoka, macho hutokeza, na mtu hukonda ingawa anakula. Wengine husengenywa kwamba wana ukimwi, kumbe ni tezi ambayo ina dawa. Hali zote mbili hugunduliwa kwa kipimo cha damu hospitalini.

Onyo kuhusu vidonge vya kunenepesha

Vipo vidonge vinavyouzwa sokoni kwa siri kwa ahadi ya kunenepesha mwili, na krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina dawa za steroidi, zinazofanana na homoni ya tezi za juu ya figo. Ukizitumia muda mrefu, uso huvimba, sukari na shinikizo hupanda, na tezi zako hulala. Ukiziacha ghafla, mwili unaweza kukosa homoni hiyo na ukazimia. Kama umekuwa ukizitumia, usiache peke yako. Mwone daktari akupunguzie taratibu. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa hizi na daktari naye asizikatize bila ushauri.

Nini cha kufanya leo

1. Kila mwenye miaka 40 na zaidi, au mwenye uzito mkubwa, au mwenye ndugu wa kisukari, apimwe sukari na shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka.
2. Mkaribishe mhudumu wa afya ya jamii anapofika nyumbani. Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine za kupima sukari na shinikizo.
3. Mtoto akikojoa sana, akiona kiu sana na akikonda, omba apimwe sukari siku hiyo, hata kama anatibiwa malaria. Neno la kusema ni rahisi: "Daktari, naomba mtoto apimwe sukari pia."
4. Mgonjwa wa kisukari akague nyayo zake kila jioni, avae viatu shambani, na kidonda chochote akionyeshe kliniki mapema.
5. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147#. Kwa waliosajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na hazina ya afya ya msingi. Matibabu ya hospitalini yanahitaji mchango uwe umelipwa, kwa hiyo usisubiri kuugua.

Tone moja la damu leo ni afadhali kuliko mguu, macho au mtoto kesho. Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome, na mzee asiyesoma msomee.