Namba ya Uongo Daftarini

Paukwa! Pakawa.

Wajukuu zangu, ya leo si hadithi ya sungura wala fisi. Ilitokea kweli, katika mji mdogo uitwao Walkerton, jimbo la Ontario, nchini Kanada. Wakazi wake walikuwa kama 5,000, na maji yao ya bomba yalitoka visimani.

Kimojawapo kiliitwa Kisima Namba 5. Hakikuwa kirefu, na jirani yake palikuwa na shamba la ng'ombe. Mwenye shamba alitandaza samadi kwa kufuata taratibu zote za kilimo. Uchunguzi wa baadaye ulisema hivyo, nami nawaambia mapema msije mkamlaumu bure.

Mei 2000 ikanyesha mvua kubwa, siku baada ya siku. Maji yakasomba vijidudu vya samadi, yakazama navyo ardhini mpaka kisimani. Miongoni mwavyo alikuwamo bakteria wa jamii ya E. coli, wa aina kali sana: humfanya mtu aharishe damu, na huweza kuharibu figo, hasa za watoto.

Najua mtauliza: Bibi, kisima hakikuwa na mlinzi? Kilikuwa naye. Jina lake klorini, dawa ile mnayoinusa kidogo mkifungua bomba. Klorini huua vijidudu, lakini nayo hupungua kadiri inavyofanya kazi, kama sabuni inavyoishia kwenye nguo chafu. Uchafu ukizidi, dawa yote huliwa, na vijidudu vilivyosalia hupita salama. Ndiyo maana kutia dawa peke yake hakutoshi. Lazima upime iliyobaki.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Unakinga maji kwenye kichupa cha kioo, unatia kidonge au unga wa kupimia, unatikisa, unatazama. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Rangi ikikolea, ipo nyingi. Yakibaki meupe kama yalivyokuwa, mlinzi hayupo, na hapo unakimbia kufunga kisima.

Walkerton walitakiwa kupima kila siku. Waliokabidhiwa visima walizoea kutopima. Wakichukua daftari, wanaandika 0.5 au 0.75, yaani miligramu za klorini katika lita moja, kisha wanakwenda zao. Siku, miezi, miaka. Ukurasa ulipendeza kuutazama, na kila mtu aliamini maji ni safi. Mvua ile ilipokuja, klorini ililiwa yote, lakini daftari liliendelea kusema ipo.

Mei 17 majibu ya maabara yakafika: maji yana vijidudu. Wasimamizi wakanyamaza. Maofisa wa afya, walipoona watoto wanaharisha, wakapiga simu kuuliza, wakajibiwa kuwa maji hayana tatizo. Mei 21 daktari wa afya wa eneo lile akatangaza watu wachemshe maji. Lakini watu walikuwa wameyanywa siku nyingi, wakawakorogea watoto vinywaji kwa maji hayo, wakawapa wagonjwa wawahi kupona. Waliougua walizidi 2,300. Waliokufa ni 7.

Hilo la kuwapa wagonjwa maji yaleyale kila nikilisimulia linaniuma. Mama anamnywesha mwanawe ili apone, kumbe anamwongezea.

Jaji Dennis O'Connor aliongoza uchunguzi, akatoa ripoti mwaka 2002. Alieleza kwamba kama kisima kile kingefungiwa chombo cha kupima klorini muda wote, chenye kengele na uwezo wa kuzima pampu yenyewe, mlipuko ule wa ugonjwa ungezuiwa. Chombo hicho tayari kilikuwapo wakati ule, kikiuzwa. Hakikufungwa.

Basi siku fundi wa maji atakapokuja shuleni kwenu na kichupa chake, msogeleeni, mtazame rangi kwa macho yenu. Kisha mwombeni kwa adabu awaonyeshe namba aliyoiandika.